Mrejesho: video zangu za wavuvi wa sambaza, Bukavu

Ndugu zangu, asanteni sana. Mwezi uliopita niliuliza: nina video za usiku 3 za wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, kwenye Ziwa Kivu, kamera 2, jumla masaa 9, zimechanganyika zote. Nianze kukata moja kwa moja au nizitazame kwanza?

Yaya mmoja, yaani mkubwa wetu hapa, alinijibu nisiguse kitu kabla ya kuwa na nakala kwenye diski mbili tofauti. Nilimtii. Wiki iliyofuata diski moja ilianguka na haikufunguka tena.

Folda nimezipa tarehe, mwaka ukitangulia, kisha mwezi na siku, ili kompyuta izipange yenyewe. Halafu jina la kamera. Saa ya kamera ya pili ilikuwa nyuma dakika 47, kwa hiyo nilioanisha kwa sauti: kasia likigonga mtumbwi linasikika kwenye zote mbili.

Kutazama ndiko kulikonila siku 6, maana huku kwetu Kadutu umeme nilikuwa naupata usiku tu. Kila kipande kizuri niliandika dakika na sekunde zake kwenye daftari. Ndipo nikamkuta mzee anaimba kabla taa hazijawashwa, picha nyeusi tupu. Ningekimbilia kukata, ningekitupa kipande kile kama kibovu. Sasa sauti yake ndiyo inayofungua filamu, na kila nikiisikia moyo unanitulia.

Kimebaki kelele cha upepo cha usiku wa tatu. Aliyewahi kukipunguza bila kuharibu sauti za watu, naomba anielekeze.