Maji yanaingia ndani kila masika, nijenge ukuta au ninyanyue jamvi (sakafu ya zege)? (Kigoma mjini)

binti_mwanga: Wakuu habari zenu. Niko Kigoma, upande wa Mwanga kule mteremkoni, nyumba ametuachia marehemu baba na tukiwa watoto haikuwahi kuingia maji hata siku moja. Sasa hii miaka ya karibuni ikipiga mvua ya nusu saa tu maji yanashuka kutoka juu yanaingia mlango wa jikoni yanatokea sebuleni, na lile tope jekundu usiombe. Mume wangu anataka tupige ukuta wa tofali nyuma yote, fundi anasema tumwage jamvi jingine juu ya hili tunyanyue, jirani yeye anasema tusihangaike ni ziwa limepanda tusubiri lishuke. Hela ya kufanya vyote hakuna, nianze na kipi?

fundi_wa_kata: Pole sana dada. Huyo jirani mwache, ziwa halihusiki. Ziwa likipanda linakuja taratibu, wiki na miezi, na linaanza na watu wa mwaloni Kibirizi na kule chini Ujiji, haliingii jikoni kwa nusu saa likaondoka. Hayo yako ni maji ya mapaa. Piga hesabu, paa la mita 10 kwa 10 mvua ikinyesha milimita 50 ni lita 5,000, nyumba moja tu hiyo. Huko juu yenu zamani si kulikuwa michikichi na mihogo? Leo bati tupu na nyua zimefagiliwa mpaka ardhi imekuwa kama sakafu, maji yatazama wapi.

Ukuta wa kuziba SIKUSHAURI. Maji yakisimama kimo cha mita 1 yanasukuma kila mita ya urefu wa ukuta kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 500, tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo hazivumilii hiyo, na ukianguka unaangukia ndani kwako. Usipoanguka basi maji yanaenda kwa mwenzio mnaishia kwa mwenyekiti wa mtaa. Jamvi nalo utainua sakafu lakini kuta zinabaki zinalowa kila msimu, na kama ni tofali mbichi zinamumunyuka kuanzia chini. Chimba mtaro wa kukatisha huku juu, kabla maji hayajafika kwenye nyumba, uteremke japo sentimita 1 kwa kila mita, upange mawe, na uutoe kwenye mtaro wa barabara sio kwa jirani.

mzee_wa_mwalo: Fundi umeongea vizuri ila hapo kwenye "ziwa halihusiki" ngoja nikurekebishe kidogo. Kwa binti wa Mwanga kweli halihusiki, yuko juu. Lakini Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, kule Kalemie upande wa Kongo, na maji mengi yanaondoka kwa kukauka juani sio kwa mto, kwahiyo mvua zikizidi miaka miwili mitatu mfululizo ziwa linapanda na kushuka kwake ni kwa mwendo wake. Mwaka 1878 Lukuga ilibomoa kizibo chake cha tope na majani ndio ziwa likateremka mita kadhaa. Sasa likiwa juu midomo ya mitaro inazama, maji ya mjini yanagoma kutoka yanarudi nyuma, kwahiyo watu wa bondeni wanapigwa kotekote. Hao hata uwachimbie mitaro kumi haisaidii, dawa yao ni kutojenga pale, na sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka ukingo wa maji, nani anaifuata?

tabora_kavu: Nyie mna bahati mna mteremko. Huku Tabora ni tambarare, maji yakishuka yanakaa tu yanatuangalia mpaka vyoo vya shimo vinafurika na kuchanganyika na visima, ndio kipindupindu hicho. Na mitaro ipo jamani, imejaa chupa za plastiki, serikali itafanya nini

fundi_wa_kata: @tabora_kavu taka ni kweli ila tusiwasingizie watu kila kitu, kalavati lililowekwa wakati mtaa una nyumba ishirini haliwezi kupitisha maji ya nyumba mia tatu hata ulioshe kwa sabuni. Dar mradi wa ramani wa Ramani Huria ulianza 2015, vijana na wanafunzi walitembea mtaa kwa mtaa kuchora mitaro na sehemu zinazojaa. Kitu kama hicho huku tungejua maji yanatoka wapi kabla ya kumwaga zege.

binti_mwanga: Asanteni jamani. Nimekumbuka kitu, pale juu palikuwa na njia ya maji ya siku zote, mwaka juzi kuna mtu kazungushia uzio wa tofali kiwanja chake na ile njia ikaishia hapo. Inaweza kuwa ndio sababu? Na mume wangu bado ukuta haujamtoka kichwani

fundi_wa_kata: Hapo umemaliza dada, hiyo ndio sababu kubwa. Mvua inayofuata mtu asimame mahali salama arekodi video maji yanapogonga ule uzio na yanapokata kona, hiyo video mpelekeeni mwenyekiti na afisa ardhi wa manispaa, maneno matupu watawazungusha. Huyo jamaa sio lazima abomoe, atoboe matundu chini kwa mstari na apitishe mtaro kando ya kiwanja. Shemeji naye kama lazima ajenge, awe mfupi wa mawe, ukae mshazari kusindikiza maji kwenye mtaro. Na kabla ya masika hamisheni soketi za jikoni ziwe juu ya usawa wa kiuno, maji yakianza kuingia zimeni meini swichi kwanza ndio muanze kuhamisha makochi.