Vijana wa Kihadzabe na Kibarbaig wanaoingia chuo kikuu: nyaraka, mkopo na mwaka wa kwanza

MwalimuBondeni
Habari za kazi wakuu. Shuleni kwetu kuna vijana wanne wa kidato cha sita wanaotoka Bonde la Yaeda, wilaya ya Mbulu. Wawili ni Wahadzabe (jamii ya wawindaji) na wawili Wabarbaig (wafugaji), na wanafanya mtihani Mei hii. Darasani wako vizuri, pointi 4 zinazotakiwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kwenye masomo mawili ya tahasusi watazifikisha bila shida. Hofu yangu ni kuanzia Mei mpaka Oktoba, wakishatawanyika na mtandao ukawa wa kupanda kilimani.

Naomba wenye uzoefu wanisaidie: nyaraka zipi za mkopo zianze kushughulikiwa sasa hivi wakiwa bado bwenini? Pesa ya kuanzia chuo kabla bumu (pesa ya kujikimu ya mkopo) halijatoka inatafutwaje? Na anayekwenda kuwa peke yake wa kabila lake chuo kizima aandaliwe vipi? Mjadala wa "waachwe na mila zao" tusiulete hapa, nyuzi za namna hiyo zimejaa kwingine.

Karani_Mikopo
Mwalimu, anza na cheti cha kuzaliwa, mengine yote yanakisubiri hicho. Na cheti peke yake hakitoshi: HESLB (bodi ya mikopo) inataka kilichohakikiwa na RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), chenye namba ya uhakiki. Uhakiki unafanyika mtandaoni kwa Sh 3,000 kwa kila cheti. Pakia skani safi, siyo picha ya simu yenye kivuli cha mkono, kwa sababu kisichosomeka kinarudishwa na siku zinazidi kwenda. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kinapita njia hiyohiyo.

Aliyezaliwa kambini na hajawahi kusajiliwa ni suala la usajili uliochelewa. Anakwenda kwa msajili wa wilaya, pale ofisi ya Mkuu wa Wilaya, akiwa na cheti cha darasa la saba, cha ubatizo kama anacho, kadi ya kliniki, kitambulisho cha mzazi na barua ya mtendaji wa kijiji. Kwa Wahadzabe kadi ya kliniki mara nyingi haipo, kwa hiyo vyeti vya shule ndivyo vinavyobeba mzigo.

Sasa majina. Hapo ndipo faili nyingi za watoto wa huko zinapolala. Mtoto alipopelekwa shule ya bweni, mwandikishaji aliandika alichosikia; jina la mwisho likawa la babu, au la mjomba aliyemleta. Miaka 13 baadaye NECTA (Baraza la Mitihani) wana jina moja, NIDA (kitambulisho cha taifa) ya baba ina jingine, na cheti cha kuzaliwa kina la tatu. Shika hili: HESLB na vyuo wanavuta taarifa kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne, kwa hiyo jina lililoko huko ndilo la kufuata. Kama cheti cha kuzaliwa hakijatoka, kitoke na jina hilo. Kama kimeshatoka na tofauti ni herufi tu, hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu inaweza kutosha. Jina likiwa tofauti kabisa, ni hati ya kubadili jina inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati, na hiyo usiianze Julai.

Kosa jingine linalowaumiza bila wao kujua: wengi wamesomeshwa na misheni au wafadhili kwenye sekondari za binafsi. Mfumo ukiona shule ya ada kubwa unahesabu kuwa nyumbani kuna uwezo. Dawa yake ni barua ya mfadhili inayothibitisha kuwa yeye ndiye aliyekuwa akilipa, ipakiwe pamoja na maombi. Aliyesomeshwa na mfadhili aliyerudi kwao Ulaya miaka mitatu iliyopita atafutiwe barua hiyo mapema, kupitia ofisi ya shule au parokia.

Kama kaya iko kwenye TASAF (mpango wa kusaidia kaya maskini), namba ya kaya iandikwe kwenye fomu. Angalia kwanza kama bado ni hai, maana kaya inayohamahama inaweza isikutwe siku ya uhakiki.

MwalimuBondeni
Nashukuru sana mkuu. Wawili kati yao wana hiyo ya majina, naanza nayo Jumatatu. Na kama wakiitwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa)? Dirisha la mkopo si linafunguka wakiwa kambini?

Karani_Mikopo
Ndiyo, miezi inagongana. Dirisha la HESLB huwa Juni hadi Agosti, na mafunzo ya JKT ya mujibu wa sheria nayo ni wakati huohuo. Bodi imekuwa ikipeleka maofisa kwenye kambi za JKT kuwasaidia waombaji, ila ofisa hawezi kumpa kijana nyaraka alizoziacha Yaeda. Kwa hiyo kila mmoja aende na bahasha yake: nakala za vyeti, namba za uhakiki za RITA, namba ya NIDA, picha za pasipoti, nakala ya kitambulisho cha mdhamini na picha yake. Skani zote ziwe pia kwenye barua pepe ambayo nenosiri lake ameliandika mahali. Ada ya maombi ni Sh 30,000.

Fomu ikishachapishwa inapigwa saini na mwombaji, mdhamini, serikali ya kijiji na kamishna wa viapo, halafu kurasa zenye saini zinapakiwa upya. Mdhamini asiwe mzee ambaye msimu huo yuko safarini na ng'ombe. Na kama kuna aliyerudia mtihani wa kidato cha nne, ajaze namba zote za mtihani, na atakayoombea chuo iwe ileile aliyoombea mkopo. Namba zikipishana, chuo kinamwona na bodi haimwoni.

La mwisho kwangu: mkopo unadai uwe umemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka 5, na umri usizidi 35. Kijana anayeambiwa "kaa kwanza uchunge, utaenda tu" aijue hesabu hiyo, na baba yake pia.

Nanyokie
Kuhusu pesa ya kuanzia. Hata akipata mkopo kamili, kuna vitu haulipii: bima ya afya ya NHIF Sh 50,400, ada ya TCU ya udhibiti ubora Sh 20,000, usajili, kitambulisho, mchango wa serikali ya wanafunzi. Ongeza nauli, godoro na chakula cha wiki za mwanzo, kwa sababu bumu la kwanza halitoki mpaka amesajiliwa na kusaini. Mkopo wa chakula na malazi ni hadi Sh 10,000 kwa siku, lakini mtoto asiyekuwa na kitu mfukoni Oktoba anaanza chuo kwa deni la mama ntilie na la mwenzake wa chumbani. Panga asiondoke na chini ya laki tatu mkononi.

Kwa hao wa Yaeda mlango wa kwanza ni kijiji. Vijiji vya bonde hilo vilivyomo kwenye mradi wa hewa ya ukaa (kulipwa kwa kutunza misitu) na Carbon Tanzania vinapata mapato, na elimu ni moja ya matumizi yake. Pesa hiyo haitolewi kwa kumwomba mwenyekiti pembeni. Ombi linapita serikali ya kijiji na kuthibitishwa kwenye mkutano mkuu, ambao kisheria huitishwa angalau kila baada ya miezi mitatu. Ukikosa wa katikati ya mwaka, unaofuata unaweza kukuta chuo kimeshafunguliwa. Peleka barua ya shule, makadirio kwenye ukurasa mmoja, na aombe kijana mwenyewe.

Kwa wanaosoma uzi huu kutoka Ngorongoro: familia zilizohamia Msomera, Handeni, hakikisheni barua ya mtendaji na makazi mliyojaza kwenye fomu vinataja sehemu moja. Nimeona watu wanajaza kwa mazoea.

Na wasichana, mwalimu. Miezi hii ya kusubiri ndiyo mahari inapopokelewa. Akiwa na kazi au pa kukaa karibu na shule mpaka majibu yatoke, nafasi yake inakuwa salama zaidi kuliko akirudi bomani.

Mlezi_Chuoni
Najibu la tatu, la maisha ya ndani.

Lugha kwanza. Kihadzabe hakina ndugu wa karibu popote, Kiswahili amekikuta shuleni, na Kiingereza kimeongezwa juu yake. Kidato cha sita anafaulu kwa kukariri nukuu. Chuoni anapewa makala ya kurasa 30 ajadili kwenye semina, halafu ananyamaza. Kwenye vyuo vingi kazi za muhula ni alama 40 na mtihani 60, na ndani ya hizo 40 kuna uwasilishaji na kazi za kikundi. Anayenyamaza anafika kwenye mtihani akiwa tayari na upungufu, anapata sapu (mitihani ya marudio) tatu, na mwisho wa mwaka anadisko, yaani anaondolewa chuo. Somo la stadi za mawasiliano la mwaka wa kwanza, ambalo wengi wanalidharau, yeye alichukulie kama somo kuu.

Dharau ipo, tusidanganyane. Ataombwa "apige ile midomo", yaani sauti za kugonga ulimi za lugha yake, ataulizwa kama wanakula nyani, na hayo yatasemwa kwa kicheko. Mzaha wa mara moja anaweza kuujibu mwenyewe. Ukijirudia, au ukitoka kwa mhadhiri mbele ya darasa, aandike tarehe, mahali na maneno yenyewe, apeleke ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi kwa maandishi. Malalamiko ya mdomo hayaachi kumbukumbu.

Kuna jambo ambalo watu hawalifikirii. Wahadzabe ni miongoni mwa watu wanaochunguzwa mno duniani: usingizi wao, nguvu wanazotumia mwilini, bakteria wa tumboni. Mhadzabe aliyefika chuo atatafutwa awe mkalimani wa watafiti. Ni kazi halali na inalipa, lakini safari za utafiti haziangalii ratiba ya majaribio. Kabla hajakubali aombe kuona kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na cha maadili cha NIMR (taasisi ya utafiti wa magonjwa) kama ni utafiti wa afya. Malipo kwa siku yawe kwenye karatasi, na safari iangukie likizo. Aulize pia jina lake litaandikwaje kwenye chapisho. Mkalimani anayekusanya data na kueleza maana yake anafanya zaidi ya ukalimani.

Akizidiwa, asiondoke kimyakimya. Kuahirisha masomo kuna fomu, kuna barua ya chuo, na nakala inakwenda bodi ya mikopo. Anayetoweka anahesabika ameacha. Tofauti ni hiyo karatasi moja, na mtu wa kwao akifiwa huwa haikumbuki.

Kiprono_wa_Mau
Nyinyi huko mna tatizo ambalo sisi Kenya tunalo kwa sura nyingine. Katiba yetu, kifungu cha 260, inataja waziwazi jamii za wawindaji na wafugaji kama jamii zilizotengwa, na cha 56 kinaidai serikali mipango maalum ya elimu kwao. Je, hiyo fomu ya HESLB ina mahali pa kuandika kwamba wewe ni Mhadzabe?

Karani_Mikopo
Hakuna, ndugu yangu. Fomu inapima uyatima, ulemavu, TASAF na uwezo wa kaya, kabila halimo. Tanzania ilipiga kura ya kuunga mkono azimio la Umoja wa Mataifa la 2007 kuhusu watu wa asili, lakini nyumbani msimamo ni kwamba wote ni wenyeji. Kwa hiyo usipoteze nafasi ya maelezo kuandika habari za kabila. Thibitisha umaskini kwa karatasi zinazotambulika.

Mlezi_Chuoni
Nimesahau moja, mwalimu, na kwa hao wa Yaeda ndiyo ya hatari. Akichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, TCU inataka athibitishe kimoja kwa msimbo unaotumwa kwa SMS na barua pepe, na muda wake ni mfupi. Laini iwe imesajiliwa kwa NIDA yake mwenyewe, isiwe ya mwalimu wala ya kaka aliyeko Babati. Kama yuko pasipo mtandao, SMS haitamfikia, lakini msimbo unaweza kuombwa upya kupitia akaunti yake ya udahili ya chuo husika. Mwachie nenosiri mtu mmoja anayemwamini Haydom au Mbulu mjini, na wakubaliane mapema chuo cha kwanza ni kipi.

MwalimuBondeni
Nimenakili yote. Jumatatu niko kwa msajili wa wilaya na hao wawili wa majina, cheti cha kidato cha nne kikiwa juu ya faili.