Zamu yangu ya kuchagua albamu: nipeleke Berlin ya Lou Reed au niiache? Naombeni ushauri

Kiti_cha_Mkeka (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Tuko watu watano huku Tabata, tuna kijiwe chetu cha kusikiliza santuri. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi tunakutana nyumbani kwa mmoja wetu. Mwenye zamu analeta albamu moja, inapigwa yote, simu zinakaa kwenye bakuli, ikiisha ndiyo chai na kusutana kunaanza. Sheria ni mbili tu: hakuna kuruka wimbo, na hutetei albamu yako kabla haijafika mwisho. Tumeshapiga dansi, taarab, rege, roki, hata kwaya.

Jumapili ijayo zamu ni yangu na nimechagua Berlin ya Lou Reed, yule mwanamuziki wa roki wa Marekani, ya 1973. Kuitaja tu kwenye grupu, moto ukawaka. Mmoja anasema hiyo ndiyo kazi bora kuliko zote alizofanya yule bwana. Mwingine anasema nikiileta yeye anakuja na sanda yake kabisa. Hao nawamudu, kelele zao nimezizoea.

Shida yangu ni wa tatu. Mwenzetu huyu ametengana na mkewe tangu mwaka jana, kesi ya watoto bado inaendelea. Yeye kwenye grupu hakuandika kitu. Aliona ujumbe, akanyamaza.

Kwa wasioijua: nyimbo 10, hadithi moja. Jim na Caroline wako Berlin enzi za ukuta. Wanapendana, wanalevyana, Jim anampiga Caroline, mamlaka inamnyang'anya mama watoto, mwishowe Caroline anajitoa uhai. Upande wa pili kuna wimbo unaitwa The Kids, karibu dakika nane, na mwishoni unasikia watoto wanalia wakimwita mama yao. Wanalia kweli.

Nikibadilisha albamu, atajua ni kwa sababu yake. Nisipobadilisha, nitamkalisha mbele ya kilio kile na sheria yetu inakataza kuruka. Nifanyeje? Natanguliza shukrani.

Gita_Kavu

Peleka. Mtu mzima hachaguliwi nyimbo kama mtoto anayechambuliwa miba ya samaki.

Mzee_wa_Sahani

Mwanangu, umegusa albamu yangu, kwa hiyo vumilia kidogo, nitakuwa mrefu.

Watu wengi wanaosema Berlin ni mbaya wanarithi hasira za 1973 bila kujua zilitoka wapi. Mwaka mmoja kabla, Lou Reed alikuwa ametoa Transformer, David Bowie na Mick Ronson wakiwa maprodyuza. Ndimo ilimo Walk on the Wild Side, wimbo uliomfikisha redioni na kwenye nyumba za watu ambao hawakuwahi kusikia habari za Velvet Underground, bendi yake ya zamani. Kila mtu akakaa anasubiri Transformer ya pili. Yeye akaenda London, studio za Morgan, na Bob Ezrin, kijana aliyekuwa anatengeneza albamu za Alice Cooper, akarudi na msiba wenye vayolini na kwaya.

Na waliopiga mle si watu wa kuokoteza. Besi ni Jack Bruce wa bendi ya Cream. Kinanda ni Steve Winwood. Magita ni Steve Hunter na Dick Wagner. Hiyo ni timu ya kujaza uwanja, na Ezrin akaitumia kusindikiza hadithi ya watu wawili chumbani.

Jarida la Rolling Stone liliivua nguo hadharani. Mhakiki wake aliandika kwamba kuna rekodi zinazoudhi kiasi cha kumfanya mtu atamani kumpiga aliyezitengeneza. Kwenye chati za mauzo, Marekani iliishia nambari 98. Uingereza ikafika 7, Waingereza wao huzuni wanaijua. Halafu tazama mambo ya dunia: 2003 jarida hilohilo likaiweka kwenye orodha yake ya albamu 500 bora za wakati wote, nambari 344. Na Desemba 2006 Lou Reed akaipiga yote jukwaani Brooklyn, ukumbi wa St. Ann's Warehouse, na Steve Hunter yuleyule kwenye gita, baada ya miaka 33. Julian Schnabel akaitengenezea filamu.

Kwa hiyo peleka. Ila usiipige kama albamu ya roki. Waambie ni mchezo wa kuigiza.

Binti_Pangani

Shikamoo Mzee wa Sahani. Historia yako nimeisoma yote na sina ubishi nayo, lakini hujajibu swali. Mwenzetu hajauliza kama albamu ni bora. Ameuliza kama ampigie mtu aliye kwenye kesi ya watoto.

Na hata huo ubora, mimi nina neno. Nyimbo zile ni za Jim. Caroline anasema, ndiyo, lakini anasema kupitia mdomo wa Jim, hata majina yanakwambia: Caroline Says, "Caroline anasema". Mara ya kwanza anaposema, muziki unakimbia, vayolini zinaruka, karibu unacheza, na anayelalamika ni mwanaume kwamba mke anamdharau. Mara ya pili, upande wa pili, gita polepole kabisa, mwanamke anainuka kutoka sakafuni baada ya kipigo. Unahama kutoka wa kwanza kwenda wa pili kama mtu aliyegeuza ukurasa, na kipigo chenyewe kimefichwa katikati, mahali unapogeuza sahani. Huo ni ufundi, nakubali. Lakini miaka yote hiyo nimesikia wanaume wakisifu "huzuni" ya albamu hii, wengi wao wanamhuzunikia Jim.

Na mke wa Lou Reed wa wakati ule alikuja kueleza kwamba ndani ya hadithi ile mna mambo ya mama yake mzazi, aliyewahi kutenganishwa na watoto. Alimsimulia mumewe, mumewe akaenda nayo studio. Mimi tangu nijue hilo, upande wa pili siupigi nikiwa na wageni.

Dereva_wa_Usiku

Nimeingia nikidhani uzi wa safari ya Ujerumani jamani 😂 Haya, nakaa hapa nasoma.

Fundi_Spika

Tuanze na ule uzushi kabla haujaletwa humu. Kuna hadithi maarufu kwamba Ezrin aliwadanganya watoto wake kuwa mama yao amekufa, akawafungia, akawarekodi wanalia. Mwenyewe ameikana. Watoto ni wake, sauti ni zao, ila ile habari ya kuwadanganya isambazwe kama hadithi tu. Nimeshaona watu wanaiweka kama ukweli kila uzi wa Lou Reed unapoanzishwa.

Sasa la ufundi. Kilio kile kimewekwa juu sana kwenye mchanganyiko wa sauti. Wimbo wote ni gita kavu, lisilo la umeme, na sauti ya mtu anayezungumza kama karani anayesoma orodha ya vitu vilivyokamatwa, masikio yameshatulia, halafu kinakuja. Kwenye chumba kidogo chenye sakafu ya vigae kinapiga ukutani na kurudi. Spika kubwa zikiwa pembeni ya kochi, atakayekaa hapo ataumia hata kama hana mke wala mtoto. Ukipeleka, spika ziwe mbali na watu, tandika mkeka au zulia, sauti iwe chini kuliko mlivyozoea.

Pia upande wa pili una nyimbo nne tu: Caroline Says II, The Kids, The Bed, Sad Song. Upande wa kwanza una sita. Mnapogeuza sahani ndipo pa kupumzika. Atakayetaka kutoka atoke hapo bila kuulizwa, "unaenda wapi?"

Mzee_wa_Sahani

Marahaba binti yangu. Umenipiga, lakini sijaanguka.

Jim humhuzunikii ukisikiliza vizuri. Sikiliza Sad Song, ule wa mwisho. Muziki unapanda kama mwisho wa sinema, kwaya, vayolini, unaweza kuinuka usimame. Na maneno? Mtu anatazama picha za marehemu na anajiambia kuwa haoni sababu ya kuendelea kupoteza muda wake, tena mwingine angemfanyia mabaya zaidi. Muziki unalia, yeye halii. Mtunzi aliyetaka tumwonee Jim huruma angempa machozi hata tone moja. Hakumpa. Mimi naona amemshtaki kwa kumwacha aseme mwenyewe.

Binti_Pangani

Hapo nimekuelewa, mzee. Lakini shtaka linalopigiwa kwaya namna ile, wangapi wanalisikia kama shtaka?

Gita_Kavu

Mbona sisi tunacheza Shida ya Mbaraka Mwinshehe harusini, watu wanatoa jasho, na mtu pale analia shida zake? Huzuni ndiyo muziki wenyewe. Mnaifanya Berlin kama sumu ya panya.

Binti_Pangani

Shida inakuambia "na mimi pia." Inakushika mkono. Berlin haimshiki mtu mkono, inakukalisha kiti cha nyuma na kufunga mlango. Si kitu kimoja.

Kiti_cha_Mkeka

Nashukuru sana wakuu. Niongeze kitu ambacho sikusema mwanzo. Huyu mwenzangu ndiye aliyenifundisha kusikiliza roki. Transformer ya kwanza niliyoishika mkononi ilikuwa yake. Kwa hiyo Berlin anaijua, hilo nina uhakika. Ndiyo maana ule ukimya unanisumbua.

Wa_Pili_kwa_Mama

Huwa nasoma tu humu, leo niseme.

Mimi nilikuwa mtoto wa kesi kama hiyo. Nilikuwa na miaka saba. Huo wimbo niliusikia ukubwani, kwa rafiki, bila kuonywa. Kilio cha wale watoto hakikunifanya kitu, nilijua ni rekodi. Kilichonichoma ni yule baba, au mume, vile anavyotaja sababu moja baada ya nyingine za kumnyang'anya mama watoto. Bila haraka. Anasema kama mtu aliyekwisha kuzisema mara nyingi mbele ya watu wenye mafaili. Ile sauti niliikumbuka. Watu wazima walizungumza hivyo juu ya mama yangu nikiwa nimekaa hapohapo.

Sikuomba izimwe. Nilisikiliza mpaka mwisho, na kusema kweli nilifurahi kwamba kuna mtu aliirekodi ile sauti. Lakini ningependa kuchagua siku.

Kaka, usiulize watu wa humu. Muulize yeye. Si kwenye grupu. Mpigie, na usianze na pole, uliza kama unavyouliza kiti cha gari: unakaa mbele au nyuma?

Gita_Kavu

Dada, nimenyamaza. Nafuta ile ya miba ya samaki, ila mods hawaruhusu tena kuhariri.

Fundi_Spika

Huo ndio ushauri. Ya spika bado nasisitiza.

Kiti_cha_Mkeka

Mrejesho wakuu.

Nimempigia jana usiku. Nilijikanyaga mno, mara hali ya hewa, mara bei ya sindano za santuri, mpaka akaniuliza, "Unataka kuniambia nini?" Nikamwambia. Akacheka, kicheko chake kile cha puani.

Kumbe alinyamaza kwa sababu nyingine kabisa. Jumapili hiyo ni siku yake ya kuwa na watoto. Alikuwa anatafuta namna ya kuniomba aje nao kijiweni, kwa vile hana wa kumwachia, na akaona albamu niliyotaja, akashindwa aanzie wapi. Hakutaka nibadilishe kwa ajili yake, na hakutaka wanawe wakae pale wasikie watoto wenzao wanamlilia mama. Yeye mwenyewe anasema Berlin amekuwa akiipiga kwenye gari tangu mwaka jana, upande wa pili tu, na malalamiko yake ni kwamba Ezrin amezidisha vayolini kwenye wimbo wa mwisho. Mzee wa Sahani, mtakutana.

Berlin imehamishiwa mwezi ujao, nyumbani kwake, Jumapili ambayo watoto wako kwa mama yao. Amesema Caroline Says II ataiweka yeye mwenyewe, sindano nisiiguse.

Binti_Pangani

Afadhali. Sasa keshokutwa mnapiga nini?

Kiti_cha_Mkeka

Transformer, ileile yake.

Binti_Pangani

Hiyo nayo si ya watoto!

Kiti_cha_Mkeka

Imeshapita, nimechelewa tu kurudi hapa. Kwa mara ya kwanza tumevunja sheria, Walk on the Wild Side tuliiruka, kwa kura, maana mkubwa wake ana miaka 11 na Kiingereza anakijua kuliko sisi sote. Mdogo alilala mkekani kabla ya upande wa pili. Mkubwa alikaa mpaka Goodnight Ladies, akasikia ile sauti nene inayokokota wimbo, akauliza ni mnyama gani. Baba yake akamwambia ni tuba, tarumbeta kubwa inayopakatwa kama mtoto. Akataka irudiwe. Tukairudia mara mbili.

Dereva_wa_Usiku

Mwezi ujao nitag kwenye mrejesho, nimeshaitafuta hiyo Berlin. Nimefika wimbo wa tatu. Mbona mwanzoni wanaimba Happy Birthday?