MWANZA: Wakala wa "kazi za boti za kifahari Ulaya" rudisha hela za watoto wa watu!!

Wakuu nimevumilia nimeshindwa. Mods naomba huu uzi muuache hapa hapa, msiupeleke jukwaa la ajira maana hii sio ajira, huu ni wizi.

Kuna jamaa hapa mjini kafungua ofisi, kabandika bango la yoti nyeupeee, anasema anapeleka vijana kufanya kazi kwenye boti za matajiri huko Antibes (Ufaransa) na Palma (Hispania), mshahara euro elfu mbili na kitu kwa mwezi, kula kulala bure. Mshahara huo sikatai, upo, dekhendi (kibarua wa sitahani) anayeanza analipwa hivyo na anakula na kulala humo humo botini, ndo maana uongo wake unameza watu, kaupaka ukweli juu. Mdogo wangu kakulia Kirumba, kavua dagaa usiku na karabai, kapiga kazi kwenye boti za Ukerewe, ziwa analijua kuliko huyo bwana na suti yake, akaambiwa wewe ndo haswa tunakutafuta. Laki nane ikatoka, ya usajili tu. Ikaja ya kozi, ikaja ya vipimo, ikaja ya "kushikilia nafasi" (kwani nafasi huwa inakimbia?).

Hiyo kozi sasa. Ukitaka kazi hizi unatakiwa uwe na mafunzo ya usalama ya STCW, ndo yanayotambulika kimataifa, na hapa kwetu yanatolewa DMI, chuo cha mabaharia pale Dar. Kule unaingia majini kweli kweli na nguo zako na jaketi la kuokolea, unafundishwa kuligeuza boti la mpira la kuokolea likipinduka, unazima moto na mtungi wa hewa uko mgongoni, unasoma huduma ya kwanza, inachukua siku kadhaa. Vijana wetu wamekalishwa ukumbini wakaoneshwa video kwenye projekta, mchana wakapandishwa boti ya kukodi mpaka kwenye jiwe la Bismarck, wakavalishwa majaketi, wakapigwa picha, wakarudishwa. Hakuna aliyelowa hata soksi! Jioni cheti kina nembo ya nanga na jina la mdogo wangu limekosewa. Na zile picha ndo anazoitia wengine Instagram.

Jamani sisi ndo tuliozika watu wa MV Bukoba 1996, juzi juzi tu 2018 tukazika wa MV Nyerere, halafu mtu anakuja kufanyia masihara mafunzo ya kujiokoa majini, tena Mwanza?? Hapa ndo damu inanichemka, hela tutatafuta nyingine.

Vipimo navyo wamepima malaria na presha kwenye maabara ya mtaani. Boti nyingi za huko, hasa zenye bendera ya Uingereza na visiwa vyake kama Cayman, zinataka cheti cha afya kinaitwa ENG1, anakitoa daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya bahari ya Uingereza peke yake, na wanapima mpaka macho kama unatofautisha rangi maana taa za meli usiku ni nyekundu na kijani. Na viza eti "mtapewa mkifika ejapoti". Mtanzania kuingia Ufaransa au Hispania anahitaji viza ya Schengen kabla hajapanda ndege, hiyo hata dereva wa bodaboda pale Nyegezi anaijua.

Ila kubwa kuliko yote, na hili naomba mlisambaze kwenye magrupu ya wasap: WAKALA HARUHUSIWI KUKUTOZA HATA MIA. Mkataba wa kazi za mabaharia wa 2006, ule MLC ambao Tanzania tumeuridhia, unakataza wakala kumtoza baharia hela ya kumtafutia kazi. Wewe unagharamia cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti, basi. Viza ni ya mwenye meli. Wakala halipwi na wewe, analipwa na mwenye boti anayetaka watu. Kwa hiyo ukisikia usajili, sijui ada ya nafasi, hapo hapo geuza uondoke.

Nimempigia simu nimwambie hayo akanijibu "kaka wewe hujui mambo ya meli" akakata. Sasa hivi namba haipatikani ila tangazo la "awamu mpya" limebandikwa mpaka mwaloni, ofisi kahamishia Igoma.

Najua kuna wengine humu mmelipa mkanyamaza kwa aibu. Meseji za miamala msifute, na risiti zake zile za kuandika kwa mkono tunzeni. Jumatatu asubuhi tunaenda polisi, na TASAC wanaosimamia mambo ya meli tunawapelekea nakala. Anayetaka tuongozane aje PM, na kama kuna mwenye picha ya hilo bango la Igoma aweke hapa chini.