Boila ya kuni inatema moshi mlangoni, dampa iko wazi yote. Msaada wakuu

Mchochea_Kuni: Wakuu, habari za zamu. Nipo upande wa boila kwenye kiwanda cha chai, Nyanda za Juu Kusini. Boila inakula magogo ya mikaratusi. Tangu mota ya feni ya kuvuta moshi irudi kutoka kusukwa upya, ukifungua mlango wa kuchochea moshi na ndimi za moto vinakurukia usoni. Mkono wa dampa (bamba la kupunguza au kuongeza mvuto wa moshi kwenda dohani) uko wazi hadi mwisho. Nikiurudisha nusu sioni tofauti ya maana. Draya zikiwashwa presha inashuka kutoka bar 9 hadi 6, na wa kukausha chai wanaanza kelele. Ni dampa au dohani?

Babu Stoo: Kuni mbichi hizo. Mkaratusi uliokatwa juzi, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Pasueni, mpange bandani penye upepo miezi kadhaa.

kijana_wa_mvuke: Safisha mabomba mkuu, masizi hayo.

Mchochea_Kuni: Kuni ni za rundo lilelile la tangu zamani, mabomba yamepigwa brashi Jumapili. Kipimajoto cha dohani kilikuwa kinasoma 220, sasa hata 160 hakifiki.

Fundi Stimu: Hapo ndipo penye jibu. Yangekuwa masizi, joto la dohani lingepanda, maana halifiki kwenye maji. Likishuka hivyo, hewa inayopita ni kidogo.

Zima, ipoe, swichi kuu ipigwe kufuli, kisha kagua dampa. Usiuamini mkono wa nje: pini ikikatika mkono unazunguka na bamba la ndani limelala palepale. Ncha ya shafti huwa na mchirizi unaoonyesha bamba limeelekea wapi.

Ila mimi namshuku aliyefunga mota. Waya mbili za fezi zikibadilishana, mota inazunguka kinyume. Wengi hudhani moshi ungerudi nyuma. Sivyo, feni hizi za gurudumu la mapanga ndani ya ganda, zinazorusha hewa pembeni, hata zikienda kinyume bado zinasukuma kuelekea dohani, ila kinyonge sana. Linganisha mzunguko na mshale uliopo kwenye ganda.

Mchochea_Kuni: Mkuu ubarikiwe! Bamba ni zima, ila feni ilikuwa inakwenda kinyume na mshale. Fundi umeme kageuza waya mbili, mlango sasa unavuta hewa ndani. Tatizo jipya: dampa ikiwa wazi yote moto unanguruma na cheche zinatoka juu ya dohani.

Fundi Stimu: Sasa ndiyo dampa ina kazi. Irudishe taratibu mpaka tanuru libaki na mvuto mdogo, milimita 2 hadi 5 za maji kwenye mrija wa U wa kupimia mvuto. Mvuto ukizidi, joto la kuni zenu linaishia angani. Na usiifunge yote moto ukiwa hai. Gesi ya kaboni monoksaidi itawarudia humo chumbani, na haina harufu.

Babu Stoo: Sawa, feni imepona. Kuni bado mbichi.