Tupeane uzoefu: kulichimba jina la mtaa au la mtu, Amu (Lamu) hadi Malindi

Wanaofuatilia majina ya huku kwetu, leteni njia mnayotumia na pale inapokwama. Naanza na mitaa.

Lisikie jina kwanza kwa mvuvi au mama wa mtaa huo, usilitoe kwenye kibao. Kisha vua -ni ya mwisho, hiyo ni ya mahali tu. Langoni inabaki lango. Ngomeni, kaskazini ya Malindi, inabaki ngome. Kizingitini ni kizingiti. Mkomani, mtaa wa Amu, ni mkoma, mti ule wa miyaa, majani ya kusukia. Baada ya hapo nenda ukaangalie: je, palikuwa na lango, palikuwa na mikoma? Jina lisilokubaliana na ardhi yake liache kiporo.

Miji ya Pate, Siyu na Faza haina cha kuvuliwa. Malindi nayo inaishia -ndi, si -ni. Umbo lake linakubali lindi, shimo refu, wingi wake malindi, lakini umbo peke yake si ushahidi.

Wa Mkomani:
Naongezea. Kamusi ya sanifu itakuangusha usipogeuza sauti za Kiamu kwanza. Ch mara nyingi kwetu ni t: mtanga ni mchanga, mato ni macho. Nj ni nd: ndia ni njia. J huwa y au hupotea kabisa: moya, mai. Anayekutana na mtanga ndani ya jina akaacha kufikiria mchanga amepotea hatua ya kwanza.

Na tafadhalini, wako wanaosema jina ni Amu na kwamba Wareno ndio waliolipachika L likawa Lamu; tuache kusema hivyo. Wenyewe tunasema Amu, kweli, na lugha ni Kiamu. Lakini maandishi ya Kiarabu yanamtaja kadhi wa Lamu aliyekuwa Makka mwaka 1441, na Mreno Vasco da Gama alifika Malindi 1498. L ilitangulia.

Wa Shela, Malindi:
Majina ya watu sasa. Mwana katika Mwanaisha, Mwanahawa, Mwanajuma si mtoto. Ni heshima ya bibi, kama Bwana kwa mwanamume. Mwana Kupona alipotunga utendi wake mwaka 1858, aliyekuwa akimuusia ni bintiye, Mwana Hashima. Mama na binti wote wana Mwana.

Kosa kubwa hutokea kwenye fomu. Karani akiandika "Mwana" nafasi ya kwanza na "Aisha" ya pili, jina la baba linasukumwa la tatu na la babu linaanguka nje. Mtoto anakatwa nasaba kwa nafasi moja tupu. Andikeni neno moja, Mwanaisha, na kama cheti cha kuzaliwa kimekosewa, kirekebisheni kabla ya cheti cha shule na kitambulisho kulifuata kosa.

Swali: Aliyezaliwa Alhamisi saa tatu usiku ni Khamisi?

Wa Shela, Malindi:
La, huyo ni Juma. Siku yetu huanza magharibi, na usiku ule ni usiku wa Ijumaa. Anayekisia jina kwa tarehe ya cheti peke yake hukosea hapo. Ulizeni na saa. Kwa Rajabu, Shaabani na Ramadhani tafuteni mwezi wa Kiislamu, si wa kizungu, maana mwaka wake ni mfupi kwa siku kama 11. Wazee wakikwambia "mfungo tatu", huo ndio mwezi wa hija, na huko ndiko akina Haji wengi walikotoka.