Ndege wa kisiwa kimoja: miti kwanza au kuhamisha kwanza?

Kadutu_Kijani:
Wandugu, hapa Bukavu tunaandaa somo la vijana wa mazingira juu ya Acrocephalus sechellensis, ndege mwimbaji wa Ushelisheli aliyekuwa amebaki kisiwa cha Cousin peke yake. Ni kuhamishiwa visiwa vingine kulikomwokoa, au miti? Na walipokamata wengi hivyo, Cousin haikubaki tupu?

Ruzizi:
Miti ilitangulia kwa miaka 20. Cousin ni hekta 29 tu, na ilikuwa shamba la minazi. Ndege huyu anadonoa wadudu chini ya majani mapana, kwa hiyo mnazi haumlishi. Kisiwa kiliponunuliwa mwaka 1968 walibaki chini ya 30. Kazi ikawa kung'oa miche ya minazi ili msitu wa asili, hasa miti ya Pisonia, ujirudie. Kufikia 1982 walikuwa 320 hivi, wakagota hapo kwa kukosa nafasi. Ndipo wakapelekwa visiwa vingine vinne vya Ushelisheli: 29 Aride (1988), 29 Cousine (1990), 58 Denis (2004) na 59 Frégate (2011).

Mama Lwiro:
Haikubaki tupu. Kisiwa kikijaa, watoto wanabaki kwa wazazi na kusaidia kulea kifaranga. Yai kwa kawaida ni moja. Ukiondoa mwenye eneo, msaidizi wa jirani anaingia, pengine ndani ya saa chache.

Penye kosa ni idadi ya waanzilishi, yaani ndege wa kwanza kupelekwa kisiwa kipya. Wale 29 walizaana vizuri, lakini sehemu ya utofauti wa urithi ilipotea. Kwa 58 haikupotea. Halafu dume na jike wanafanana, ndiyo maana tone la damu linapimwa ili kujua jinsia. Bila hilo unaweza kupeleka madume matupu.

Wavu wa kuwakamata utegwe kivulini asubuhi, ukaguliwe kila mara: ndege wa gramu 15 akipigwa na jua anakufa upesi. Mtoe kwa kufuata upande alioingilia, mvishe pete za rangi, mweke kwenye boksi lenye giza na matundu ya hewa. Mwachie siku hiyohiyo.

Kadutu_Kijani:
Aksanti sana, mama. Vijana watauliza: mbona tusifanye hivyo Idjwi, kisiwa chetu cha Ziwa Kivu?

Ruzizi:
Waambie waanze na kuondoa panya na paka, maana wanawala ndege. Cousin haikuwahi kuwa nao. Idjwi ina watu wengi na mizigo inashuka kila siku. Hata ukimaliza panya wote, mtumbwi mmoja unawarudisha.